Hela ilikuwa ya oveni, nikarudi na Vitz old model

Nianze na hesabu kabisa maana najua ndo wengi mnachotafuta. Vitz old model, kagari kadogo ka Toyota, ile ya mviringo ya kwanza kabisa, ya mwaka 2001, cc 990, otomatiki, namba B (herufi ya usajili), nimeinunua mkononi kwa milioni 4 na laki 3. Mpaka leo miezi 11 imeshakula nyingine kama milioni 1 na laki 9, hapo sijahesabu wese. Na bado siiuzi, kabla hujanitukana soma mpaka chini.

Mi naoka keki nyumbani, Kimara. Mwezi ule nilikuwa nimepokea hela ya kikoba, milioni 5, na kikundi kizima kinajua nilichoombea: oveni ya gesi ya trei mbili na mixa kubwa. Jumamosi hiyo nilikuwa na keki ya sendofu ya ghorofa tatu inaenda Mbezi Beach, nimekodi bajaji, nimekaa nyuma nimeikumbatia keki kama mtoto mchanga, na yule dereva kwenye tuta la pili hakupunguza mwendo wala nini, ghorofa ya juu ikateleza ikaja kukaa kifuani kwangu. Nimefika ukumbini gauni zima aisingi ya pinki. Nikarekebisha nilichoweza kwa kisu cha kuazima jikoni kwao, mama wa binti hakunigombeza hata kidogo, aliniangalia tu afu kwenye kunimalizia hela akapunguza elfu 80. Sikuwa na mdomo wa kudai.

Natoka pale kwa miguu natafuta daladala, hasira zimenijaa, ndo nikaiona. Imepaki chini ya mwembe nje ya geti, bluu iliyopauka juu ya paa, kwenye kioo cha nyuma kipande cha boksi kimeandikwa kwa maka INAUZWA. Nikachungulia ndani. Uongo dhambi, sikuangalia tairi, sikuangalia chini kama inavuja, niliangalia siti ya nyuma tu nikaiona keki yangu imekaa pale imetulia.

Nikagonga geti akatoka mzee mmoja wa makamo, kavaa msuli na fulana.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Umeipenda gari?"

Yaani hata sijasema kitu. Akaniambia yeye ni mstaafu, gari anaitumia kwenda kanisani na kliniki tu, kabla yake alikuwa anaitumia dada mmoja wa benki. Hayo maneno mawili, "mstaafu" na "dada wa benki", kama umewahi kutafuta gari ya mkononi nchi hii unajua yanaambatana na kila gari. AC je baba? "AC inataka gesi tu." Hilo nalo unalijua. Mi siku ile nililisikia kama habari mpya kabisa nikaitikia kwa kichwa.

Alitaka tano nikasema nina nne, akasema mwanangu niongezee ya maji nikaongeza laki tatu, tukamaliza. Tukazunguka nayo mtaa mmoja, labda mita mia nne, enjini ilikuwa tayari ya moto (alikuwa katoka kuiwasha asubuhi, alisema, kumbe hilo nalo lina maana yake, nitafika). Sikuita fundi. Sikumpigia mume wangu. Nimerudi nyumbani naendesha kwa kuomba Mungu, leseni ninayo lakini nilikuwa sijashika usukani miaka mitatu, nimefika getini napiga honi mume wangu anachungulia dirishani, anauliza "Mama, umekuja na nani?" Nikamwambia nimekuja na oveni.

Hakuongea na mimi mpaka Jumatatu.

Sasa gari yenyewe. Kwa wasioijua historia yake, hii ndo Vitz ya kwanza kabisa Toyota waliyotoa Japani, mwanzoni mwa 1999, kuipokea Starlet. Ulaya wanaiita Yaris na mwaka 2000 ilichukua tuzo ya gari bora la mwaka huko, na aliyechora umbo lake ni Mgiriki, Sotiris Kovos. Jina Vitz limetokana na neno la Kijerumani Witz, maana yake uchangamfu wa akili, au utani. Mume wangu alivyosoma hiyo alicheka peke yake jikoni, akasema angalau Wajapani walikuwa wakweli, na ndo ikawa mara ya kwanza tunaongea tangu Jumamosi.

Urefu ni mita 3 na pointi 6 hivi, ukitaka kujua maana yake nenda Kariakoo siku ya Ijumaa utafute pakingi. Kuna nafasi watu wenye Harrier wanaziangalia wanapita, mi naingia. Inakata kona kwenye uchochoro wa uswahilini bila kurudi rivasi. Kwa mji kama Dar hapo wamemaliza, sina cha kuongeza.

Enjini ni cc 997, kwenye matangazo wanaandika 990, na ndo sababu gari hizi zilijaa bandarini: ukiwa chini ya cc 1000 kuna ushuru unakukwepa. Cha muhimu zaidi, hii old model ina pistoni 4. Ile ya pili iliyoanza 2005 ya cc 996 ina pistoni 3, sawa na Passo, ikiwa sailensa (imewashwa lakini imesimama) utaisikia inatetema mpaka kwenye kioo cha pembeni. Ya kwangu ikiwa nzima huisikii. Nasema ikiwa nzima.

Maana wiki ya pili asubuhi naiwasha ikiwa ya baridi, sailensa inapanda mpaka naona aibu kwa majirani, inashuka mpaka inataka kuzima, inapanda tena. Ndo nikaelewa kwa nini mzee alikuwa anaiwasha mapema, mnunuzi yeyote akija aikute ya moto. Nikaenda kwa fundi wa mtaani kwetu, akafungua boneti, akanyamaza sana, halafu akaniuliza:

"Dada angu, hii gari ulikuja na fundi kuiangalia?"

"Hapana."

"Shemeji alikuwepo?"

"Hapana."

Alicheka mpaka akakaa kwenye tairi. Afu akanionyesha. Throto, pale enjini inapovutia hewa, imejaa masizi meusi kama sufuria la kuni, mdomo wa koili mbili zinazopeleka moto kwenye plagi umepasuka umezungushiwa nailoni tepu, plagi nne za aina tatu tofauti. Kusafisha throto elfu 20, koili mbili used elfu 45 kila moja, plagi nne mpya elfu 48. Sailensa ikatulia palepale. Kama unaenda kuangalia gari hizi nenda asubuhi mapema, mwambie mwenye gari asiiwashe, weka kiganja juu ya boneti kabla ya salamu. Ikiwa ya moto rudi kesho.

Huyuhuyu fundi ndo aliniambia ahaa, sasa oili tuweke nzito namba 40 gari imechoka. Nilikataa kwa sababu mume wangu (aliyekuwa ameanza kuipenda kimyakimya, nimemkuta mara mbili anaifuta) alisoma kuwa hizi enjini zinataka oili nyepesi, 5W-30. Enjini yake inatumia cheni, haina mkanda wa taimingi, na cheni inategemea oili safi. Ukiibanisha na oili nzito iliyolala miezi nane unaitafutia kelele. Tunabadilisha kila kilomita 5,000, galoni ya lita 4 inatosha na inabaki ya kuongezea. Inakula oili kidogo, sikatai, kila wiki mbili nachomoa dipstiki naangalia, lakini moshi haitoi.

Sasa nije kwenye dashibodi, hapa nakaa kidogo.

Kama hujawahi kukaa ndani ya hii gari, spidi haiko mbele ya dereva. Iko katikati, juu ya redio, ndani ya kishimo kama pango, na haina mshale, ni tarakimu za kijani zinaning'inia gizani. Usiku inapendeza jamani, mtoto wangu wa miaka sita anaiita TV ya gari. Pale pale ndo kuna kipimo cha mafuta kwa vijiti vijiti, na kilomita. Kipimo cha joto hakuna, kuna kataa kadogo tu, ka bluu enjini ikiwa ya baridi na kekundu ikizidi.

Mwezi wa tatu tarakimu zikaanza kupauka. Kwanza nilidhani jua. Baadaye nikawa napiga dashibodi kwa ngumi zinarudi, napiga zinarudi, abiria wangu wanadhani nina hasira. Siku moja nikapiga hazikurudi. Vile vitaa vidogo vya oili na betri vipo, ila spidi hakuna, mafuta hakuna.

Kwa hiyo nikawa naendesha kwa kukisia. Mafuta nakisia kwa tarehe, naweka ya elfu 20 Jumatatu nasema Alhamisi naongeza. Alhamisi moja foleni ya Ubungo ikanikuta nina keki mbili nyuma, katikati ya daraja pale Kijazi gari ikakohoa ikazima. Juu ya daraja! Taa za hadhari nawasha, mwendokasi inapita chini, malori nyuma yananipigia honi. Kijana wa boda alinichukua mpaka sheli nikarudi na wese kwenye dumu la maji, na keki moja ilifika ikiwa imelegea kwa joto. Hapo gari haina kosa, kosa ni langu, lakini inauma vilevile.

Halafu tochi, ile kamera ya trafiki ya kupimia spidi. Tulikuwa tunaenda Morogoro kwenye mahari ya mdogo wangu, spidi siioni, mume wangu kashika simu anasoma spidi kwa GPS ananitajia kama kondakta, "hamsini na mbili, hamsini na moja, hapo hapo." GPS ikapotea kabla ya Chalinze. Kufika kijiji kimoja kuna kibao cha 50, trafiki huyo anatokea kwenye kivuli. Picha yake ilionyesha 61. "Mama, ulikuwa hujui spidi yako?" Ningemwambia ukweli angeniongezea kosa la gari mbovu. Elfu 30. Kurudi tukala nyingine ya elfu 30 vilevile, kwa sababu tulijifanya wajanja tukafuata nyuma ya kosta tukidhani dereva anajua tochi zilipo. Tulipigwa wote wawili.

Dawa yake ilikuwa rahisi mpaka nikataka kulia. Fundi umeme mmoja Ilala akaitoa ile mita yote, akaifungua, akanionyesha kwa kioo cha kukuzia: kwenye ile bodi ya ndani, miguu ya vifaa viwili ilipokaziwa kwa risasi kuna duara jembamba jeusi, nyembamba kama unywele. Ni ufa. Miaka zaidi ya ishirini ya kupata joto na kupoa, risasi inachoka inaachia. Akayeyusha kwa pasi ya kuunganishia waya, akaweka risasi mpya, dakika arobaini, elfu 60. Tarakimu zikarudi kali kama mpya. Kabla yake fundi mwingine alikuwa ameniambia ninunue mita nzima used laki na nusu. Kwa hiyo ukikuta ya kwako inapauka usipige ngumi na usinunue nyingine, tafuta fundi umeme anayejua kutumia pasi.

Chini imenigharimu shokapu za mbele na boshi, na pale ni barabara za kwetu siyo gari. Hii gari iko chini. Mvua za masika zile nikitokea Goba kuna shimo moja nalijua mpaka umbo lake, naingia kwa pembe, tairi moja moja, na bado inapiga. Kama kwenu kuna kilima cha udongo mwekundu usijidanganye, hutafika, utaacha gari kwa mwenye duka na kumlipa kijana elfu mbili ailinde. Na ukijaza watu wazima wanne ukawasha AC, kupanda kile kilima cha Kimara inabidi uizime AC uwaombe radhi. AC yenyewe ndo ile ya "inataka gesi tu", ilitaka kompresa, 250,000 na gesi juu.

Spea kwa kweli hazisumbui. Ilala na Gerezani unapata kila kitu used kutoka Japani, mlango, taa, bampa, mpaka kile kishikio cha mlango wa nyuma ambacho cha kwangu kimekatika (nafungua kwa kamba, nitanunua). Ila tembea na kile kilichoharibika mkononi ulinganishe, maana ukiomba kwa mdomo tu unapewa cha Platz (ndugu yake Vitz mwenye buti) au cha ile Vitz ya pili na kinafanana mpaka ufike nyumbani.

Wese: mjini kwenye foleni zangu napata kama kilomita 13 kwa lita, safari ya Morogoro ilifika 17. Nilikuwa nalipa bajaji na boda za keki karibu elfu 90 kwa wiki zile zenye oda nyingi, sasa naweka ya elfu 50 na inabaki ya kuwapeleka watoto shule.

Kilichoniumiza kuliko vyote siyo hata gari, ni karatasi. Kadi ya gari ilikuwa na jina la mtu mwingine, siyo mzee, siyo dada wa benki, ni mama mmoja aliyeiagiza kutoka Japani na yuko Moshi. Mzee yeye alinunua kwa mkataba wa mkono akaweka kabatini, hakuhamisha. Sikuangalia. Miezi miwili nampigia simu yule mama, mwanzoni alidhani mi ni tapeli, ikabidi nimtumie picha ya gari na kipande cha mkwaruzo mlangoni ambacho alikikumbuka, akasema "jamani bado inatembea?" ndo akakubali kusaini. Na nilivyoingiza namba ya gari kuangalia madeni ya trafiki nikakuta faini saba hazijalipwa, 210,000. Zote za kipindi cha gari ya kanisani na kliniki. Nilimpigia mzee akasema mwanangu Mungu atakulipa. Hiyo ya kuangalia deni inachukua dakika moja kwenye simu, ningeweza kuifanya pale pale chini ya mwembe.

Bima ndogo nililipa 118,000, hiyo haina mjadala.

Sasa siti ya nyuma, maana ndo niliyoinunua. Watu wengi wana gari hii miaka na hawajui: siti ya nyuma inasogea mbele na nyuma, kuna chuma chini yake unavuta. Ukiisukuma mbele mpaka mwisho buti inakua, nimetandika ile zulia ya mpira ya kuzuia kuteleza, bodi ya keki ya inchi 14 inakaa bapa na ukingo pande zote. Keki ya ghorofa tatu naipanga mbili buti, ya juu inakaa kwenye kiti cha mbele na mkanda. Tangu niwe nayo nimepeleka keki zaidi ya mia na ishirini na iliyoharibika ni ile moja ya darajani. Mwezi uliopita nilirudi ukumbi uleule wa Mbezi Beach kwa shughuli ya mtu mwingine, nikashusha keki mwenyewe gauni safi, nikaondoka na hela yangu kamili.

Ningekuwa nashauri mtu mwenye milioni 4 ningesema tafuta old model ya pistoni 4 ambayo kadi ina jina la anayekuuzia, dashibodi inasomeka mchana wa jua, na uweke milioni 2 pembeni ambazo hutaziona tena. Kama huna hizo mbili za pembeni endelea na bajaji, siyo dhambi. Na wanaosema ni gari ya wadada au beibi woka waacheni waseme, nawaona kwenye kilima wamewasha AC, mi nikiwa Kariakoo nimeshapaki.

Oveni bado. Kikoba nimepokea tena wiki iliyopita na safari hii mume wangu kashika hela yeye. Juzi tulienda dukani na futi, tukapima ile ya trei mbili, tukatoka tukapima gari siti zikiwa zimelala. Urefu inaingia, kimo inaingia. Mlango wa nyuma unabana sentimita tatu. Muuzaji anasema miguu ya oveni inafunguka kwa spana namba 13, ila akilaza oveni ubavu vali ya gesi inaweza kupinda, kwa hiyo kesho tunaenda tena na fundi. Safari hii tunaenda na fundi.